Haki ya Aliye Katika Majaribio ya Kazi

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, aliyegawa riziki kwa hekima yake na akawafanya waja wake wahitajiane, huyu kwa mali yake na yule kwa nguvu zake. Rehema na amani zimfikie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake na Maswahaba wake wote.

Ama baada ya hayo, ndugu Waislamu mliohudhuria msikitini, na nyinyi mnaotusikiliza majumbani, nakuusieni pamoja na kuiusia nafsi yangu kumcha Mwenyezi Mungu katika ibada zetu na katika mapatano yetu na watu. Hakika mtu huweza kusimama safu ya kwanza katika sala, na huku nyuma ana mfanyakazi anayemlalamikia kwa Mola wake.

Leo tutaeleza jambo linalotokea kila mwezi madukani, maofisini, mashuleni, na hata majikoni mwetu. Jambo lenyewe ni kumwachisha kazi mtu aliye bado katika muda wa majaribio, ambao wengine huuita muda wa matazamio, kwa sababu kazi yake hairidhishi. Je, mwajiri ana haki ya kufanya hivyo? Na kama anayo, haki hiyo ina mipaka gani?

Tupige mfano, wala si wa mtu maalumu. Kijana mmoja, mtoto wa mjane, ameajiriwa kuwa karani wa ghala katika duka la vifaa vya ujenzi. Siku ya kwanza bwana wa duka alimwambia kwa mdomo, "Tutakutazama miezi mitatu." Hakumwambia atatazamwa katika nini. Karani aliyemtangulia alikuwa akiandika mabati kwa bando, na huyu akawa anaandika bati moja moja. Mwisho wa mwezi hesabu hazikulingana. Msimamizi aliona, akaguna, akakaa usiku kusahihisha daftari peke yake, asiseme neno. Mwezi wa pili ikawa hivyo hivyo. Na kila jioni kijana aliporudi nyumbani, mama yake alimwuliza, "Kazi inakwendaje, mwanangu?" Naye akajibu, "Inakwenda vyema, mama. Sijaambiwa neno."

Wiki ya kumi na moja, wakati wa kufunga duka, aliambiwa, "Kesho usije." Alipouliza kosa lake akajibiwa, "Kazi huiwezi." Alipouliza ujira wa siku alizokwisha kufanya akaambiwa apite mwisho wa mwezi. Na kabla ya mwezi kwisha, mtaani ilikwisha kusemwa kwamba mabati yamepotea dukani. Kijana akabisha hodi kwa mwajiri wa pili na wa tatu, na kila mmoja akamtazama kwa jicho la shaka.

Enyi Waislamu, yachungueni yaliyotendeka hapa. Mwenye duka hakukosea kutaka karani anayejua hesabu. Mali ni yake, na kuilinda ni wajibu wake. Lakini alimnyamazia mtu kwa wiki kumi, kisha akamhukumu kwa siku moja. Akamcheleweshea ujira wake. Akaacha udhaifu wa kazi uvikwe nguo ya wizi. Makosa haya matatu ndiyo tutakayoyaeleza, na kila moja lina dawa yake.

Kwanza tufahamu majaribio ni nini. Mwenyezi Mungu katika Suratul Qasas ametupa habari ya Nabii Musa alipofika Madyan. Aliwakuta wanawake wawili wamezuilika na mifugo yao pembeni mwa kisima, akawanyweshea. Kisha mmoja wao akamshauri baba yake amwajiri, akataja sifa mbili za mwajiriwa bora, nazo ni nguvu na uaminifu. Na mzee alipofanya naye mapatano aliutaja muda waziwazi. Ni miaka 8, na kama Musa angetimiza 10, hiyo ingekuwa hisani yake mwenyewe. Tena mzee akamtuliza moyo kwa kumwambia kwamba hakusudii kumtaabisha.

Katika kisa hiki kifupi yamo mafunzo makubwa. Binti hakusema kwa kudhani, kwani kazi ya Musa ilikwisha kuonekana pale kisimani. Muda haukufichwa. Na sifa zilizotajwa ni mbili, si moja. Nguvu ni uwezo wa kuifanya kazi, na kila kazi ina nguvu zake. Nguvu za mchukuzi ni mabega, za karani ni hesabu, za mwalimu ni elimu na subira. Uaminifu ni jambo la moyo. Mtu huweza kuwa mwaminifu asiwe na uwezo wa kazi fulani, na huweza kuwa na uwezo asiwe mwaminifu. Basi anayemwachisha mtu kwa kukosa uwezo na amche Mungu, asimsemee wala asiachie watu wamsemee kwa kukosa uaminifu.

Sheria za nchi zetu nazo zimelieleza jambo hili, na ni vyema kila nyumba ijue. Mkataba namba 158 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa mwaka 1982, unaruhusu nchi isiwape walio katika majaribio kinga zote za mkataba huo, kwa sharti kwamba muda wa majaribio uwe umewekwa mapema na uwe wa kiasi. Maana yake ni kwamba majaribio yasiyo na mwisho si majaribio, bali ni hila.

Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, ilipotungwa, iliweka kwamba aliyefanya kazi chini ya miezi 6 kwa mwajiri mmoja hawezi kuutumia ule mlango wa sheria unaohusu kuachishwa kazi isivyo haki. Wako waajiri waliolisoma fungu hilo peke yake, wakadhani wamepewa panga. Lakini kanuni za utendaji mwema zilizotolewa chini ya sheria hiyo mwaka 2007 zikafafanua adabu ya majaribio. Masharti yake yaelezwe kabla mtu hajaanza kazi. Muda usizidi miezi 12. Mwajiri apime kazi mara kwa mara, akutane na mfanyakazi, amwelekeze na kumfunza. Na kabla ya kumwachisha, awe amemjulisha kasoro zake, amempa nafasi ya kujibu, na amempa muda wa kutosha wa kujirekebisha, naye akashindwa. Tena anayo haki ya kusindikizwa katika mazungumzo hayo na mfanyakazi mwenziwe au mjumbe wa chama cha wafanyakazi.

Kenya, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 iliweka majaribio yasizidi miezi 6, na kama yataongezwa yasizidi miezi 6 mingine, tena kwa ridhaa ya mfanyakazi. Kila upande unaweza kuyakatisha kwa ilani ya siku zisizopungua 7, au kwa kulipa ujira wa siku 7. Na mwaka 2021 jopo la majaji watatu wa Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi liliamua kwamba si haki kumnyima aliye katika majaribio nafasi ya kuelezwa sababu na kusikilizwa kabla ya kuachishwa. Sheria hubadilishwa, kwa hiyo mwenye shauri lake aende akaulize ofisi ya kazi ya mahali pake.

Ndugu zangu, mwenye kuyatazama masharti haya ataona kwamba si mageni kwetu. Mwenyezi Mungu ameamrisha katika mwanzo wa Suratul Maida kutimiza mapatano. Na katika Suratul Hujurat ametukataza kuwadhuru watu kwa kutegemea habari ambayo hatukuihakiki, tukaja kujuta. Nami naona haki ya aliye katika majaribio inakusanyika katika mambo manne.

Jambo la kwanza ni kuelezwa kabla. Mwambie mtu siku ya kwanza muda wake ni gani, kazi yake ni ipi, na kipimo chake ni kipi. Ukitaka daftari liandikwe kwa bando, sema. Ukitaka mwalimu amalize juzuu fulani kwa muhula, sema. Na yaandike. Ikiwa Mwenyezi Mungu ametuagiza katika Suratul Baqara tuandike deni linapokuwa la muda, basi mapatano yanayobeba riziki ya watu yastahili kuandikwa zaidi.

Jambo la pili ni kuonywa na kufunzwa mapema. Hapa ndipo wengi wetu tunapoanguka, kwa sababu tunadhani kunyamaza ni upole. Mtu husema, "Nimeona haya kumwambia." Lakini haya iliyomzuia kusema maneno mawili wiki ya pili haikumzuia kumtoa kazini wiki ya kumi na moja. Hiyo si haya, ni uzito wa kutimiza wajibu. Tazameni alivyofanya Mtume (S.A.W.) kwa Abu Dharr, Sahaba wa mbele katika ukweli na uchaji. Alipoomba kupewa uongozi, Mtume alimpiga begani kwa mkono wake, akamweleza waziwazi kwamba yeye ni dhaifu kwa jambo lile, na kwamba uongozi ni amana. Hadithi hii imo katika Sahihi Muslim. Alimwambia uso kwa uso, mkono ukiwa begani, wala neno lile halikumpunguzia Abu Dharr daraja yake hata chembe. Basi kumbe inawezekana kumwambia mtu kwamba kazi hii hujaiweza, na heshima yake ikabaki mahali pake.

Tena onyo liwe la jambo lenyewe, lisiwe la mtu. Usimwambie, "Wewe mvivu." Mwambie, "Juzi na jana umeandika hivi, nasi tunataka hivi. Njoo nikuonyeshe. Tutatazama tena baada ya wiki mbili." Maneno hayo hayachukui muda mrefu, nayo huenda yakaiokoa nyumba nzima.

Jambo la tatu ni kusikilizwa. Imepokewa katika Sahihi Bukhari kwamba watu wa Kufa walimshitaki liwali wao, Saad bin Abi Waqqas, kwa Sayyidna Umar, Mungu awe radhi nao, hata wakadai kwamba hajui kusalisha vyema. Umar alimwondoa katika uliwali, kwani mji uliojaa malalamiko hauendi. Lakini hakuiacha shutuma hiyo imwangukie Saad kimyakimya. Alimwita, akamwambia hivi ndivyo wanavyodai juu yako. Saad akaeleza namna anavyosalisha, kwamba hurefusha rakaa mbili za mwanzo na kufupisha mbili za mwisho, kama alivyojifunza kwa Mtume. Umar akamwambia kwamba hivyo ndivyo alivyomdhania. Wala hakukomea hapo. Alipeleka watu Kufa wakaulize msikiti baada ya msikiti, na watu wakamsifu Saad, isipokuwa mtu mmoja tu.

Na jambo la nne, ambalo ndilo la kuondoka kwa heshima na haki kamili, nalo limo katika kisa hicho hicho. Sayyidna Umar alipokuwa katika maradhi ya kifo, amejeruhiwa, anausia juu ya watu sita watakaoshauriana kuhusu ukhalifa, alimtaja Saad miongoni mwao, akabainisha kwamba hakumwondoa kwa kushindwa kazi wala kwa hiana. Tafakarini, ndugu zangu. Mtu yuko katika mlango wa kaburi, na katika machache anayoyakumbuka ni kulisafisha jina la mtu aliyemwachisha kazi. Sisi tuna afya zetu, na twashindwa kuandika barua ya mistari mitano kusema kwamba fulani alifanya kazi kwetu kuanzia tarehe fulani hadi tarehe fulani, wala hatukumwona na hiana.

Barua hiyo ni haki pia katika sheria. Tanzania imewajibisha kutoa hati ya utumishi ajira inapokwisha, na Kenya vilevile kwa aliyefanya kazi wiki 4 mfululizo au zaidi. Ilani nayo ni haki. Katika sheria ile ya Tanzania ya 2004 haipungui siku 7 ikitolewa ndani ya mwezi wa kwanza, na baada ya hapo haipungui siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi. Na ujira wa siku zilizokwisha kufanyiwa kazi si zawadi, ni deni. Mtume (S.A.W.) amehimiza alipwe mwajiriwa kabla jasho lake halijakauka, kama alivyopokea Ibn Majah. Na katika Hadithi Qudsi iliyomo katika Sahihi Bukhari, miongoni mwa watu watatu ambao Mwenyezi Mungu mwenyewe atakuwa hasimu wao Siku ya Kiyama ni yule aliyemwajiri mtu, akaipata kazi yake kamili, asimpe ujira wake. Nani kati yetu anayeweza kusimama katika shauri ambalo hasimu wake ni Mwenyezi Mungu?

Enyi Waislamu, pengine atauliza mwulizaji, "Je, basi mwajiri amefungwa mikono? Amweke mtu asiyeweza kazi mpaka afe?" La, hasha. Tuchukue mfano wa msaidizi katika duka la dawa. Ameelezwa kazi yake, amefunzwa, ameonywa mara tatu, na bado anachanganya vipimo vya dawa ya watoto. Huyu kumwacha pale si huruma. Ni kumhurumia mmoja na kuwahatarisha mia. Vivyo hivyo dereva wa gari la wanafunzi asiyejali breki, na mwalimu anayewafundisha watoto makosa. Hapo kuachisha kazi huwa wajibu, kwa sababu mwajiri naye amebeba amana za watu wengine. Na wakati mwingine ni kheri kwa mfanyakazi mwenyewe, kwani aliyeshindwa ukarani huenda akawa fundi hodari, na kumchelewesha ni kumpotezea umri wake.

Basi tofauti ya mwenye duka la mabati na mwenye duka la dawa si kwamba mmoja aliachisha na mwingine hakuachisha. Wote wawili wameachisha. Tofauti ni kwamba huyu wa pili, akiulizwa na Mola wake, anaweza kusema, "Nilimweleza, nikamfunza, nikamsikiliza, nikampa muda, nikamlipa, na nikaihifadhi heshima yake." Yule wa kwanza atasema nini?

Na nyinyi vijana mnaoanza kazi, msidhani maneno haya ni fimbo ya kuwapigia waajiri peke yao. Suratul Mutaffifin imewatisha wanaotaka kutimiziwa kipimo wanapopokea, na wao wakipima hupunguza. Anayechukua mshahara wa saa nane akafanya kazi saa tano naye yumo katika hatari hiyo. Ukiwa katika majaribio, uliza usilolijua. Usingoje kuitwa. Nenda kwa msimamizi wako mwisho wa mwezi umwambie, "Bwana, nimekosea wapi nirekebishe?" Ukionywa, usinune, wala usiseme unaonewa kabla hujajitazama. Na ukiachishwa kwa haki, ondoka kwa salama, rudisha funguo na daftari, wala usitoe nje siri za kazi.

Sasa nageukia majumbani, kwani huko majaribio hufanywa bila kuitwa kwa jina hilo. Binti ameletwa kutoka kijijini kusaidia kazi za nyumba. Hajapata kuona pasi ya umeme wala jiko la gesi. Wiki ya kwanza ameunguza kanzu. Mwenye nyumba akapandwa na hasira, na saa mbili usiku binti akawa kizingitini na kifurushi chake, hana nauli, hajui njia, na ujira wake umezuiliwa kuwa ni fidia ya kanzu. Enyi mama na baba zangu, kanzu ni ya siku chache. Je, mngeridhika binti yenu kusimama usiku katika mji asioujua? Anas bin Malik alimtumikia Mtume (S.A.W.) miaka 10, na amesimulia kwamba katika muda wote huo hakumwambia hata "ah!", wala hakumwuliza kwa nini umefanya hili au kwa nini hukufanya lile. Na Anas alianza utumishi huo akiwa mtoto. Basi kama binti huyu haiwezi kazi ya nyumba yako baada ya kufunzwa, mpigie mzazi wake simu, mlipe haki yake, mpe nauli, na umsafirishe asubuhi na mtu wa kuaminika.

Kabla sijamaliza, nawaomba jambo jepesi la kutenda. Kila mwenye mfanyakazi mpya, dukani au nyumbani, leo baada ya sala au kesho asubuhi, amwite na amwambie mambo mawili: lile analolifanya vyema, na lile analotaka alirekebishe, na muda wa kulirekebisha. Na kila aliyemwachisha mtu akabakisha haki yake, amtafute amlipe. Na aliyemwacha mtu na jina lililochafuka, aende akaseme kweli kwa wale waliosikia uongo. Huenda yuko mama mahali fulani ambaye mwanawe hakurudi kazini, na mpaka sasa hajui sababu.

Nasema kauli yangu hii, na namwomba Mwenyezi Mungu atusamehe mimi na nyinyi na Waislamu wote. Ewe Mola wetu, zijaalie riziki zetu ziwe za halali, utufanye waadilifu kwa walio chini ya mikono yetu, na wafungulie mlango mwingine wenye kheri wote waliofungiwa mlango wa kazi. Amin.